Pemba bila ya jambo: Jumamosi na Jumapili ya Wete

Ukimwambia mtu wa Unguja kwamba mwisho wa wiki unakwenda Pemba, swali la kwanza ni hilo hilo: "Kuna nini?" Jirani yangu hapa Mpendae aliniuliza kwa sauti ya chini, mkono uko kifuani, keshajitayarisha kunipa pole. Mama mkwe akauliza nani kaposwa. Mwalimu mwenzangu skulini akadhani tuna mikarafuu ya urithi inayogombaniwa. Hakuna aliyefikiri kwamba mtu na mumewe na watoto wao wanaweza kupanda meli usiku wakavuka bahari kwa ajili ya kutembea tu.

Na siwashangai. Sisi ambao wazee wetu wametoka Pemba tumeizoea kwa mambo: msiba, hitma, harusi, msimu wa karafuu. Unashuka Mkoani, unapakiwa garini, unashushwa kwenye nyumba ya jambo. Unakaa jamvini na wanawake wenzako, mnapika, mnalia au mnacheka, kisha unarudi bandarini. Kisiwa chenyewe unakiona kupitia dirisha la gari, tena kwa mbio. Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa Wete, mji wa kaskazini mwa Pemba. Nimepelekwa kwao tangu nanyonya, na bado nikiulizwa Pemba ikoje nilikuwa na majibu ya nyumba za watu tu, sina majibu ya nchi. Nilitaka wanangu wawe nayo.

Tuliondoka Ijumaa usiku, Septemba hii. Kuhusu meli sina mengi. Watoto walilala mapema, mume wangu akapata kona yake ya kuegemea. Tulipoipita Nungwi, ncha ya kaskazini ya Unguja, na mkondo ukaanza kuitikisa meli, watu wazima wengi walikuwa macho na midomo yao inakwenda. Kila Mzanzibari anajua kwa nini. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 MV Spice Islander ilizama maeneo yale ikielekea Pemba, imejaa watu kupita kiasi, na sijui ukoo ambao haukuguswa, wa karibu au wa mbali. Nami nikasoma Fatiha kuwaombea, nikawafunika watoto vizuri, nikakaa hivyo mpaka mtikisiko ulipopungua.

Alfajiri Mkoani. Mji umepanda kilima, bandari iko chini, kisiwa cha Makongwe unakiona pale mbele. Kijana tuliyemkodi na Noah yake alikuwa keshafika, na kabla ya salamu kwisha mizigo imo garini. Kutoka hapo mpaka mji wa Chake Chake tulipita haraka kwa sababu watoto walikuwa na njaa, tukanywa chai ya maziwa na chapati na maharage ya nazi, tukanunua boflo za kupelekea nyumbani kwa shangazi. Chake nitaiandikia siku yake. Nilikuwa na hamu ya barabara.

Kutoka Chake kwenda Wete kuna njia mbili. Moja ni ile kubwa inayoelekea Konde, unakwenda nayo moja kwa moja kisha unakata kurudi magharibi. Nyingine ni barabara ya zamani, ile ambayo daladala za 606 hupita, na ndiyo niliyomwambia dereva aishike. Akaniuliza kama tuna haraka. Nikamwambia hatuna hata kidogo. "Basi hiyo ndiyo njia ya watu wasio na haraka," akasema, akafungua vioo.

Unguja tumezoea ardhi iliyolala. Mume wangu ni mtu wa Makunduchi, huko ni mawe ya matumbawe na vichaka, ukisimama unaona mbali. Hapa hakukaa kitini akatulia: kilima, bonde, kilima, bonde. Ukishuka chini kuna mpunga na migomba na maji yanapita. Ukipanda juu kuna mikarafuu imesimama mirefu, majani yanameta. Katikati yake minazi, mishelisheli, miembe, nyumba za udongo na za matofali zimejificha ndani ya majani hayo. Kona moja haioneshi kona ya pili. Ilikuwa mwanzo wa msimu na harufu ya karafuu ilituingia garini ikabaki nasi mpaka kwenye nguo.

Mume wangu akauliza kwa nini mikarafuu imekuwa mingi huku kuliko kwetu, na nikafurahi kuulizwa mbele ya watoto. Wakati wa Seyyid Said mashamba makubwa ya mwanzo yalikuwa Unguja. Kisha mwaka 1872 kimbunga kikaipiga Unguja kikaiangusha mikarafuu yake kwa wingi, na Pemba ikasalimika. Tangu hapo karafuu nyingi za Zanzibar zimekuwa zikitoka kisiwa hiki. Mwanangu wa kike akataka kujua iwapo miti anayoiona ndiyo ile ile. Dereva akamjibu kwamba mkarafuu huishi kuliko aliyeupanda, na kwamba anaokwea yeye ulipandwa na babu yake.

Hatujamaliza maneno hayo wingu likatujia. Nyie mnaoijua Pemba mnaijua mvua yake, haipigi hodi. Mbele ya nyumba moja kando ya barabara palikuwa na majamvi yametandikwa uwanja mzima, karafuu zimeanikwa, na bibi mmoja na wasichana wawili walikuwa wanakimbia huku na huku kuanua. Dereva alisimamisha gari bila ya kutuuliza, akaruka. Tukaruka sote. Unashika pembe mbili za jamvi, mwenzako anashika mbili, mnazikusanya karafuu katikati, mnakunja, mnakimbia nalo barazani, mnarudi. Mwanangu wa kiume alipewa fagio ya kukusanya zilizomwagika. Mume wangu na ile kanzu yake ya safari alibeba jamvi zima peke yake kichwani. Jamvi la mwisho lilifika barazani na matone ya mwanzo yapo mgongoni kwetu.

Mbio zile si za bure. Karafuu iliyokaribia kukauka ikarowa hupoteza rangi, na ikipoteza rangi inashuka daraja siku ya kuuza. Watu wameshakwea, wachumaji wameshalipwa kwa pishi, wanawake wamekesha wakichambua na kutenga makonyo, vile vikonyo vya karafuu, jua limeshafanya kazi yake siku kadhaa, halafu robo saa ya mvua iharibu vyote. Niliwaonesha wanangu karafuu za aina tatu zilizokuwa pale barazani: mbichi za kijani zilizoanza kupiga wekundu, za nusu zinazopindika ukizikunja, na kavu za kahawia zinazovunjika kwa sauti. Hata makonyo hayatupwi, hukamuliwa mafuta kule kiwandani Wawi.

Bibi alipopata pumzi alitushukuru, kisha akaniangalia vizuri. "Munatoka wapi, wanangu?"

"Unguja, bibi. Tunakwenda Wete."

"Inna lillahi. Nani kaondoka?"

Nikamwambia hakuna aliyeondoka, alhamdulillahi, tunatembea tu, tunaitazama nchi. Alikaa kimya kidogo, akaona kweli nimesema hivyo, akamwita kijana akaangue madafu. Tulikunywa pale barazani mpaka mvua ikakatika, naye akawa anatutajia yeye mwenyewe mahali pa kwenda, kimoja baada ya kimoja, kwa fahari ambayo sijaisikia kwa mtembeza wageni yeyote.

Mojawapo ni Kidike. Unaiacha barabara, unaingia ndani kwa njia ya vumbi, unalipia kiingilio kwa wanakijiji wenyewe. Popo wa Pemba hapatikani pengine popote duniani ila hapa. Wananing'inia juu ya miti mchana kutwa, mamia, wanagombana, wanajipepea, mmoja mmoja anaachia tawi na kuzunguka. Akikunjua mbawa zinafika karibu mita moja na nusu kutoka ncha mpaka ncha, na manyoya ya kichwani yana rangi ya kutu. Zamani waliliwa, baba alinihadithia namna vijana wa Wete walivyokuwa wakiwatega kwa nyavu. Mwishoni mwa miaka ya 1980 waliohesabu walikuta wamebaki wachache mno, wakahofia watatoweka. Leo wamepindukia 20,000, na wamefika hapo kwa sababu vijiji kama Kidike viliamua kuwalinda. Popo huyu anakula matunda na kutapanya mbegu, kwa hiyo anayelinda popo analinda na miti. Mlinzi aliyetutembeza aliyasema hayo kwa ukali kidogo, mtu anayejua kilichokaribia kupotea. Nilimpenda kwa ukali wake.

Wete tuliingia baada ya Adhuhuri. Mji umekaa juu ya mteremko. Unauingia kwa barabara kuu, unayapita majumba ya maendeleo ya Mtemani yaliyojengwa baada ya Mapinduzi, maduka ya vitambaa, wauza ndizi, skuli, misikiti, kisha barabara inateremka yenyewe mpaka bandarini. Usitegemee ufukwe wa mchanga. Bahari ya Wete ni ya hori na mikoko, maji yamekaa ndani ya ardhi, na mbele yako Fundo na visiwa vidogo vimelala majani yakifika majini. Kwa macho yangu pale ni pazuri kuliko fukwe zote za Unguja tunazozipiga picha.

Shangazi yangu anakaa Limbani. Alitupokea kwa wali wa nazi, mchuzi wa ng'onda, kisamvu, na lawama kwa nini tumepitia kwa popo kabla ya kupitia kwake. Alasiri akatutuma bandarini tukapunge upepo. Boti za kwenda Fundo zilikuwa zinapakia: magunia ya mchele, katoni za mafuta, godoro, mabati, wanafunzi na mabegi yao, mama mmoja na kuku wake kapuni. Nahodha anawaita watu kwa majina. Wazee wa kahawa walikuwa wameshaweka bao lao kivulini, na mmoja wao alipojua mimi ni mtoto wa nani alisimama, akanishika mkono, akanieleza baba yangu alikuwa akicheza namba ngapi kwenye timu ya mtaa wao. Sikuwa na habari kwamba baba alicheza mpira. Nyakati zote nilizokuja Wete kwa jambo, hakuna aliyepata nafasi ya kunieleza, maana msibani hayasemwi hayo. Tulikaa pale mpaka jua likazama nyuma ya Fundo na adhana zikaanza kujibizana kutoka kila upande wa kilima.

Usiku ule nikamwambia shangazi kesho tunakwenda Ras Kigomasha, kwenye mnara wa taa ya kuongozea meli, twende pamoja. Akaniangalia.

"Mwanangu, kunatakani huko?"

Shangazi ana miaka 70 na ushei. Mumewe, marehemu, alikuwa mvuvi, na misimu mingi alikuwa akipiga dago, kambi ya wavuvi, huko kaskazini, majuma kwa majuma, yeye akibaki Wete na watoto. Ras Kigomasha ameisikia maisha yake yote ya ndoa. Hajawahi kufika. Hakuwa na jambo la kumpeleka. Nilimwambia, shangazi, jambo lenyewe ni wewe. Akasema ataona asubuhi. Asubuhi nilimkuta keshapika, sufuria imefungwa kwa kanga, na yeye amevaa buibui lake la kutokea.

Tukapita Konde, pana soko zuri la Jumapili asubuhi, kisha tukashika njia ya Makangale, na ghafla tukawa ndani ya msitu wa Ngezi. Sijui namna nyingine ya kulieleza giza lile la kijani: ilikuwa kama kuingia msikitini mchana kutoka juani, sote tulinyamaza. Miti imekwenda juu, mizabibu ya mwitu inaning'inia, ardhi imelowa. Kabla ya mikarafuu sehemu kubwa ya Pemba ilikuwa hivi, misitu ikafyekwa kupisha mashamba, na Ngezi ndiyo kubwa iliyobaki. Tulilipia pale ofisini na bwana wa misitu akatutembeza kwa miguu. Alituonesha mpapindi, mti wa jamii ya minazi ambao asili yake ni Pemba. Akatuambia kuna bundi mdogo, naye ni wa kisiwa hiki tu, ambaye ukitaka kumsikia lazima uje usiku. Shangazi alikuwa akisoma kimya kimya njia nzima, kwa sababu watu wa kaskazini wanauheshimu msitu huo na wana mahali pao pa matambiko humo. Sikumkataza wala sikumcheka. Watoto niliwaambia msitu ambao watu wameuheshimu ndio uliosalia.

Mnara wa Kigomasha ni wa chuma, Waingereza waliusimamisha mwaka 1900, na bado umesimama peke yake kwenye ncha ya kisiwa. Ngazi za ndani ni nyembamba na zina mzunguko. Nilidhani shangazi atatusubiri chini. Alivua viatu, akajifunga kanga kiunoni, akapanda. Alipumzika mara kwa mara, mume wangu nyuma yake na mimi mbele, na dereva anatuimbia kaswida kutoka chini ili bi mkubwa asichoke.

Juu upepo ni mkali. Upande wa magharibi ni mkondo wa bahari unaotutenga na bara, buluu nzito, kina kirefu. Upande wa mashariki ufukwe wa Vumawimbi umepinda mweupe mpaka macho yanaishia. Kusini ni Ngezi, kijani kitupu, na ukijua yote hayo ni kwenu kifua kinajaa. Shangazi alishika chuma kwa mikono miwili akatazama baharini muda mrefu.

"Marehemu akisema, tukishaiona taa ya Kigomasha, tunajua tumefika," akasema. "Mie nilikuwa nikidhani ni taa kama ya karabai hivi. Kumbe mnara mzima!"

Halafu akasema, "Mtoto katoka Unguja kuja kunionesha kwetu." Akacheka, akalia kidogo, akanibusu mkono, mimi nikambusu wake. Sijapata zawadi ya safari iliyo kubwa kuliko hiyo.

Vumawimbi tulikula ile sufuria. Hakuna duka, hakuna mwavuli wa kukodi, kuna ngalawa zimevutwa juu, wavuvi wachache na kibanda chao cha makuti, na mchanga. Watoto waliingia majini mpaka vidole vikakunjana. Mimi na shangazi tuliingia na kanga zetu, tukakaa kwenye maji ya magotini tukizungumza. Nataka niliseme hili waziwazi kwa wanawake wenzangu: pwani si ya wageni peke yao. Tunalelewa tuone fukwe ni mahali pa mtalii au pa mvuvi, sisi tupite juu tukitafuta kuni. Fukwe ni zetu, na stara yetu tunaweza kwenda nayo. Chukua kanga ya pili ya kubadilisha, chukua chakula chako, na taka zako urudi nazo.

Na kwa walimu wenzangu. Skuli zetu za Unguja huwapeleka watoto Jozani wakamwone kima punju, na ni jambo jema. Lakini nina wanafunzi wanaoweza kuitaja Pemba kwenye ramani na hawajui kwamba kuna mnyama wa Pemba asiyekuwepo pengine duniani, wala hawajawahi kuona jamvi la karafuu juani, zao ambalo limewasomesha wazee wao. Nimeshaandika barua kwa mwalimu mkuu. Gharama ya meli kwa kundi la watoto inajadilika, malazi madarasani yanapatikana, na wazee wa Wete watapika, nimeshawauliza.

Kurudi tulipitia Tumbe kununua samaki. Boti zilikuwa zimerudi, mnada umepamba moto pale pwani, kolekole na jodari wamelazwa mchangani, dalali anapaza sauti, na dereva wetu akatufanyia hisani ya kutunadia mwenyewe maana bei hupanda ikisikika lafudhi ya Unguja. Tuliondoka na mtungo wa changu na pono, ukatiwa barafu ndani ya ndoo kwa ajili ya mama mkwe.

Shangazi alikuwa na hesabu nyingine. Kabla hatujafika Wete alishaniuliza boti ya kwenda kisiwa cha Misali ni kiasi gani kwa siku. Misali nayo hajawahi kukanyaga, ingawa kisa cha Nabii Khidhri kusali kisiwani humo na kukifanya msala wake, mkeka wake wa kusalia, amekisimulia kwa wajukuu wote. Tumekubaliana Disemba skuli zikifungwa, kabla kaskazi haijachachamaa, na tutaondokea Wesha. Chakula chake, boti yangu. Jana kanipigia simu kunipa habari kwamba amewaambia wenzake wa darsa la Alhamisi na tisa wameshatoa majina, kwa hiyo nitafute boti kubwa, yenye turubai la kivuli na maboya ya kumtosha kila mtu.